Pampu ya Gari la Papa Kasongo

Evere

Nilitoka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nimevaa koti la Papa Kasongo, na mfukoni nina pampu mbovu ya mafuta iliyofungwa kwenye gazeti. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba sitarudi bila pampu nzima. Tangu nirudi hapa Ujiji mmekuwa mkiniuliza nini kilinipata kule Ubelgiji, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa habari za baridi na za watu wanaotembea na mbwa. Sasa naandika yote kwa mkupuo mmoja.

Papa Kasongo alikuwa Mkongo wa Lubumbashi. Tulikutana dukani Brussels, mimi nikiulizia unga wa muhogo. Aliposikia Kiswahili changu alicheka mpaka akashika rafu isimwangukie.

"Sikia huyu! Anasema kama radio! Weye ni wa wapi?"

"Kigoma, mzee. Tanzania."

"Ah, Tanzanie! Bon, Tanzanie, unalala wapi?"

Sikuwa na pa kulala. Nilikuwa nimefika mjini siku mbili kabla, kama nilivyofika miji mingine yote, kwa kufuata gari lililokuwa linakwenda. Akanipeleka kwake mtaa wa Evere, ghorofa ya tatu, kwa mkewe Maman Justine, na nikalala kwenye kochi lao miezi saba. Jina langu likawa Tanzanie. Wao walisema mutoto, mimi nikawasahihisha, mtoto. Wao walisema muntu, mimi nikasema mtu. Papa Kasongo alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akauliza, "Merci, professeur. Na masomo ulifika wapi?"

"Darasa la sita."

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Lakini moyoni niliendelea kuamini kwamba Kiswahili ni mali yangu na wao wameazima tu.

Chini ya jengo, gereji, lilikaa gari lake. Lilikuwa la Kimarekani, la miaka ya sitini, refu kama mtumbwi, na ubavuni lina matundu matatu ya mapambo. Kwao Lubumbashi waliliita motoka ya matundu. Baba yake alikuwa dereva wa bwana mkubwa wa mgodi aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo. Mzungu alikaa nyuma, kulia, akisoma gazeti. Papa Kasongo, wakati huo mtoto, aliruhusiwa kulifuta, hakuruhusiwa kuliingia. Alipofika Brussels alisafisha mabasi ya mji miaka ishirini na mitatu, vingt-trois ans, kama alivyopenda kusema, na alipostaafu akanunua lake, kuukuu, kwa mjane mmoja. Akalitengeneza. Akaliendesha kila Jumapili kanisani.

Kisha pampu ikafa, na moyo wake nao ukaanza kusumbua. Mara mbili tuliagiza pampu kutoka Marekani, na mara zote mbili ikaja isiyo yenyewe. Fundi alitaka kufunga ya umeme. Papa Kasongo, akiwa kitandani hospitalini, alikataa.

"Mimi tayari banaweka mashine mu kifua. Yeye, motoka, bamuache."

Siku ya mwisho niliyomwona alinishika mkono. Daktari alikuwa amesema anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani baada ya majuma mawili au matatu, akakae na watu wake, maana hospitali haikuwa na la kuongeza.

"Tanzanie, sikia. Sitaki ambulance. Minataka kutoka hapa mu motoka yangu. Weye unaendesha. Mimi niko nyuma, nimekaa assis, kuume, kama bwana patron. Tangu nilinunua ile motoka, sijakaa nyuma hata siku moja. Nani angeendesha?"

Nikamwambia nitamtoa hospitalini amekaa nyuma. Kesho yake nikaondoka.

Auderghem

Tonton Freddy, mdogo wake Maman Justine, alikuwa amewahi kuona gari la namna ile kwenye ua wa nyumba moja Auderghem, karibu na msitu. Nilipanda tramu, nikashuka, nikatembea nikichungulia nyua za watu kama mwizi. Nililikuta mchana. Rangi ya maziwa, matundu matatu, linang'aa kiasi cha kujitazama.

Mzee wa Kibelgiji alitoka, akanitazama juu mpaka chini, akasema neno kwa Kifaransa, akaingia ndani. Akarudi na ndoo na sifongo. Nikafikiri labda ndiyo desturi ya wenye magari haya: mgeni husaidia kazi kwanza, mazungumzo baadaye. Kwetu pia mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nikaosha gari zima, na magurudumu, nikakausha. Yeye alisimama dirishani akinitazama kwa kuridhika.

Nilipomaliza alitoa pesa. Nikazikataa, nikatoa gazeti langu mfukoni, nikalifungua, nikamwonyesha pampu.

Uso wake ulibadilika. Kumbe alikuwa amempigia simu mtu wa kumwoshea gari, na mtu huyo hakuwa mimi. Tulipokuwa bado tunaelewana kwa mikono na Kiingereza kibovu, kengele ya lango ililia, na mwosha gari mwenyewe akaingia na ndoo yake.

Mzee aliniingiza jikoni, akanipa kahawa na biskuti za mdalasini, akaniomba radhi mara nyingi mno. Alikuwa daktari wa meno zamani. Aliniambia gari lile lilimharibikia siku ya harusi yake, likamharibikia tena siku mkewe alipojifungua, na siku ya kumzika mkewe ndiyo siku pekee liliyowaka mara ya kwanza bila shida. Tangu hapo halijatoka uani. "Linakunywa mafuta kama ng'ombe anavyokunywa maji," alisema, "lakini nikiliuza nitamsimulia nani?"

Pampu ya ziada hakuwa nayo. Akampigia simu rafiki yake wa Antwerpen, Jef, akamweleza. Kisha akaniwekea biskuti zilizobaki kwenye mfuko wa karatasi.

Antwerpen

Jef, mzee mwenye vidole vilivyopinda, alinipokea kituoni. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha Wamarekani pale bandarini, na kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Alipokuwa kijana alifunga bumpa za magari yenye matundu, yaliyokuja vipande vipande kwenye makasha kutoka Marekani. Baadaye wakaacha kuyaleta, wakaunganisha magari madogo ya Ulaya. Mwishowe wakaacha yote.

Alinikaanga viazi, akanipa na mayonezi, akanisimulia habari za kampuni ya magari hayo. Nami mnanijua, habari kama hizi siwezi kuziacha ziishie njiani. Nilimuuliza mpaka chakula kikapoa. Aliyeianzisha alikuwa fundi wa mabomba. Alivumbua namna ya kupaka mabeseni ya chuma ile rangi nyeupe inayong'aa, na angeweza kutajirika kwa mabeseni tu, lakini akapenda injini. Alijenga injini nzuri kuliko za wenzake, akashindwa biashara, wakubwa wakaichukua kampuni mikononi mwake. Akafa maskini. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye magari mengi yaliyompita barabarani, na yeye hakuwa na hata moja.

"Na waliokuwa nalo hilo gari?" niliuliza.

"Waliokuwa nalo walikuwa wakisukuma," Jef alijibu, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Siku ya mwisho kiwandani walitupa supu. Miaka yote ile, halafu supu."

Nilimweleza habari za Papa Kasongo, za ile safari ya kutoka hospitalini akiwa amekaa nyuma. Aliipenda sana. Alinifanya niirudie mara mbili, upande gani atakaa, nani atamfungulia mlango.

Pampu yenyewe, alisema, iko Sweden. Kule kuna watu waliokusanya magari ya Kimarekani kuliko Wamarekani wenyewe. Rafiki yake mmoja alikuwa na banda zima la vipuri. Rafiki amefariki, lakini mjane wake, Birgitta, bado analo banda.

Hamburg, na feri

Sikuwahi kufikiria Sweden. Lakini nani kati yenu angerudi Evere kutoka pale mkono mtupu?

Basi letu liliharibika kabla ya Hamburg, tukakaa kando ya barabara kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Jirani yangu alikuwa bibi wa Kituruki aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alifungua kitambaa, akatoa mayai ya kuchemsha, mizeituni na mkate bapa, akanigawia nusu kwa nusu. Nami nikampa biskuti za daktari wa meno. Aliuliza kitu kwa ishara, akiugusa mfuko wa koti langu ulivyotuna. Nikatoa pampu. Aliishika kwa mikono miwili, akaipindua, akanirudishia taratibu sana, akaweka mkono kifuani. Nadhani alielewa kwamba ni kiungo cha mtu.

Kwenye bahari ya Denmark upepo ulikuwa mkali, feri ikachelewa usiku mzima. Nilifika kwa Birgitta siku ya tatu tangu niondoke Antwerpen.

Kwa Birgitta

Nyumba yake ni ya mbao, nyekundu, katikati ya miti iliyosimama kama watu kwenye foleni. Birgitta ni mwanamke mrefu asiyesema ovyo. Alinipa viazi vya moto na samaki wabichi wa siki, tukala bila neno, kisha akachukua tochi, tukaenda bandani.

Humo mlikuwa na magari tisa yasiyo na magurudumu, na rafu mpaka darini. Mumewe alikuwa ameandika kila kisanduku kwa mkono wake. Birgitta hakupenda magari. Alisema miaka arobaini alikula chakula cha jioni akitazama miguu ya mumewe imetokeza chini ya gari. Sasa hawezi kuuza hata msumari, kwa sababu ya ule mwandiko.

Tuliipata kwenye kisanduku cha juu kabisa. Pampu yenyewe, ya chuma, mdomo uleule, matundu yaleyale ya bolti. Niliibusu. Lakini Birgitta alibonyeza mkono wa pampu na kutikisa kichwa: kiwambo cha mpira cha ndani kilikuwa kimekauka na kupasuka. Kulikuwa na mtu kijiji cha jirani anayevikata upya, ila alikuwa amesafiri. Atarudi baada ya siku tano.

Ndipo nikaomba kupiga simu Evere, niwape habari njema. Alipokea Tonton Freddy. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi.

"Tonton, ni mimi! Nimeipata!"

"Tanzanie." Sauti yake ilikuwa chini. "Uko wapi? Kuya mbio. Huku kuko kilio."

Mimi nilisikia Kiswahili changu. Kwetu kilio ni machozi. Mtu anaweza kulia kwa jino. Nikamwona Papa Kasongo kitandani, analililia gari lake, anawasumbua manesi, anauliza mjinga gani huyu aliyekwenda na asirudi. Nikacheka. Nilitaka na wao wacheke.

"Kilio cha nini, Tonton? Mwambieni anyamaze! Dawa yake ninayo mkononi. Nikifika tu, kilio kitakwisha!"

Nikasikia anavuta pumzi. "Tanzanie..." alisema, kisha simu ikakatika. Nikafikiri ni mtandao wa msituni.

Birgitta aliuliza kama kuna habari. Nikamwambia mzee analia, analitaka gari lake.

"Vizuri," alisema. "Anayelia ana nguvu bado. Wangu hakulia."

Kwa hiyo sikuona sababu ya kukimbia nikiwa na pampu iliyopasuka. Nilikaa siku sita. Nilimpasulia Birgitta kuni, nikapanga upya rafu mbili bila kugusa maandishi. Sikupiga simu tena, maana sikutaka kumsikia mzee akilia kabla sijawa na cha kumpa. Siku ya sita mtu wa mpira alileta kiwambo kipya, tukakifunga, tukakijaribu kwa mafuta kwenye kopo. Kilivuta. Birgitta alitabasamu mara moja tu, kwa upande mmoja wa mdomo.

Evere tena

Safari ya kurudi ilinichukua siku mbili, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichochelewa. Nilipanda ngazi za Evere mbilimbili. Mlango ulikuwa wazi, viatu vingi nje. Nikafikiri mzee ameruhusiwa mapema, watu wamekuja kumwona.

"Mgonjwa wetu yuko wapi?" nilipaza sauti nikiingia, pampu juu ya kichwa. "Mwambieni dawa imefika!"

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyozunguka kuta zote. Kochi langu lilikuwa limeondolewa. Maman Justine alikuwa amekaa chini kwenye godoro, amevaa nguo nyeusi, kichwa amefunga, na wanawake wamemzunguka. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Papa Kasongo na mshumaa.

Mkono wangu ulikuwa bado juu, na sikujua namna ya kuushusha.

Tonton Freddy alisimama. "Ku téléphone nilikuambia nini?"

"Uliniambia... kuko kilio."

"Na weye ulijibu nini?"

Nikaishusha pampu kifuani.

"Ulisema tumuambie anyamaze. Bon. Ananyamaza. Tulimuzika jana."

Nilisema sikuelewa. Nilisema kwetu tunasema msiba. Nilisikia jinsi linavyosikika, mtu anatoa somo la lugha mbele ya mjane. Kijana mmoja ukutani akasema, "Professeur wa Kiswahili!" na mwingine akamwambia afunge kinywa. Ni mama mmoja mzee, aliyekaa karibu na Maman Justine, ndiye aliyewaeleza kwa sauti ya chini: "Hakusikia. Kwabo kilio ni machozi tu. Muache."

Freddy hakuniacha. "Alikufa asubuhi ile. Dada yangu aliuliza, Tanzanie anakuya? Niseme nini? Niseme anacheka?"

Maman Justine aliinua macho. Yalikuwa makavu. "Freddy, inatosha. Mupe chakula, alitoka mbali."

Walinipa bukari, ugali wao, na samaki. Nilikula, kwa kuwa kukataa kungekuwa kosa la pili. Makaburi ya mji yako hukohuko Evere. Alasiri nilienda peke yangu nikaona udongo mbichi na maua ya plastiki. Sikumwambia kitu. Lugha yangu sikuiamini tena.

Asubuhi yake Maman Justine alinikuta gereji, nimekaa chini karibu na gurudumu. Alikuwa ameshuka bila viatu.

"Weka ile pompe," alisema. "Minataka kusikia."

Niliifunga. Mikono yangu ilijua kazi kuliko mimi. Nilisukuma mafuta, nikawasha. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili injini iliwaka, nzito, taratibu, na gereji nzima ikatetemeka. Maman Justine akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa kulia. Aliweka mikono mapajani. Alikaa hivyo mpaka moshi ukaanza kutuumiza macho.

"Basi," alisema. "Zima."

Alipotoka aliniambia Freddy anataka gari liuzwe, lipelekwe Matadi, bandarini Kongo. "Kule batamukata vipande. Unayua muntu wa kumuchunga?"

Nikamtajia Jef.

"Donc peleka. Na weye..." Alitafuta namna ya kulisema. "Na weye, Tanzanie, usirudi sasa. Sina hasira. Lakini nikikuona, nitasikia ile sauti yako ku téléphone."

Antwerpen, mara ya pili

Nilimpigia Jef kutoka kwenye duka la simu. Kwa Kiingereza changu nilimwambia pampu imefanya kazi na tunakuja leo. Tunakuja: mimi na gari. Ndivyo nilivyowaza. Habari nyingine nilitaka kumpa uso kwa uso.

Niliendesha polepole, njia ya kulia. Watu waliokuwa wakinipita walipiga honi na kuonyesha dole gumba. Kwenye taa za barabarani baba mmoja alimwinua mwanawe dirishani aone. Kiti cha nyuma kilikuwa na blanketi tu, lile ambalo Maman Justine alikuwa amelinunua kwa ajili ya miguu ya mgonjwa, akalisahau humo, au hakulisahau.

Jef alikuwa ameshafungua lango. Alikuwa amevaa suti na tai, nywele amezilowesha maji. Kabla hata sijazima injini, bila kunitazama, akapita moja kwa moja ubavuni mwa gari, upande wa kulia, akaufungua mlango wa nyuma, akainama kidogo na kunyoosha mkono.

Kitini kulikuwa na blanketi tu. Kisha akaniangalia kwenye kioo.

"Ulisema mnakuja."

"Mimi na gari," nilisema.

Nikashuka, nikazunguka, nikasimama mbele yake. Nilitafuta neno fupi kuliko yote niliyonayo, lisiloweza kubeba maana nyingine katika kinywa cha mtu yeyote. Nikamwambia amekufa, amezikwa.

"Aliisikia injini?" aliuliza.

"Hapana."

Jef alifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Aliniambia juu ya gereji kuna chumba cha mwanawe aliyehama, kitanda kina shuka safi, nikae nitakavyo. Nikainama nizime injini, akanizuia kwa mkono. Nikachukua mfuko wangu, nikapanda ngazi. Nilikaa kitandani na koti la Papa Kasongo mwilini, nikiisikia injini ikiunguruma chini yangu kwa muda mrefu, kisha ikazimwa, na baada ya kitambo nikasikia mlango wa nyuma wa gari ukifungwa.